Uliza Anti: Dakika 10 mbele ya paneli

Ikifika mwezi wa sita simu yangu haipumui, ni watoto wa chuo wa mwaka wa mwisho tu, Anti nisaidie naprezenti risechi yangu Jumanne, Anti supavaiza hapokei simu, Anti nimeota nimesimama mbele nimesahau tayto. Nimekaa upande wa pili wa ile meza, upande wa paneli, yaani walimu wanaosikiliza, wanaouliza na kutoa maksi, miaka 11 sasa, na kila mwaka naumia kuona mtoto aliyefanya kazi nzuri porini huko juani anakuja kuiharibu kwa dakika 10 ndani ya chumba chenye feni. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wote nawapa wao. Barua za ndoa na za mawifi zinisubiri.

Shikamoo Anti. Niko mwaka wa 3 hapa Morogoro nasoma kilimobiashara, risechi yangu inahusu nyanya zinavyoharibika baada ya kuvunwa kule Ilula mkoa wa Iringa, nimehoji wakulima 80. Tumepewa dakika 10 za kuprezenti na 10 za maswali. Slaidi zangu ziko 41, nimempelekea supavaiza kajibu "sawa" basi. Ila shida yangu kubwa Anti ni kingereza, msingi nimesoma kijijini kwetu kwa kiswahili halafu sekondari ya kata, kuandika naandika ila nikisimama mbele za watu maneno yanakata kabisa. Nikifikiria hiyo siku natamani kuumwa. – Mwenye Hofu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Hizo slaidi 41 na hicho kingereza sio matatizo mawili, ni tatizo moja. Umejaza slaidi mana unategemea kuzisoma, na unategemea kuzisoma mana unaogopa kuongea. Naliona kila mwaka hili, mtoto anasimama anageukia ukutani anaanza kusoma, na sisi paneli tunasoma pia, tena sisi tunasoma kwa macho yeye anasoma kwa mdomo kwa hiyo tunamaliza kabla yake, tukishamaliza tunaanza kufunua kitabu chake cha risechi kutafuta makosa. Umeona ulivyotupa kazi ya kufanya?

Tupige hesabu kidogo. Dakika 10 ni sekunde 600, gawanya kwa 41, kila slaidi inapata chini ya sekunde 15, hapo hujakohoa hujanywa maji. Na mtu akiongea taratibu kwa lugha ambayo hajaizoea anatoa kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo siku hiyo mdomo wako una maneno 1,000 tu, kurasa 2 au 3 za kuchapa, wakati kitabu chako nadhani hakipungui kurasa 50. Lazima uchague mwanangu, hamna namna. Toa slaidi zote zinazoeleza nyanya ni nini na kilimo ni uti wa mgongo, wote mle ndani tunakula nyanya. Toa zile za nani alisema nini mwaka gani, hapo sentensi moja inatosha kwamba waliotangulia wameangalia hiki na mimi nimeangalia kile ambacho wao hawakukigusa. Baki na tatizo, malengo, ulienda wapi ukafanyaje, ulikuta nini, unashauri nini. Slaidi 10, zikizidi sana 12, na katika hizo dakika 10 zako nusu nzima iwe ya ulichokuta, mana hayo mengine tunaweza kuyasoma wenyewe.

Halafu usinibandikie jedwali la SPSS, ile programu ya takwimu, kama lilivyotoka na desimali zake nne. Ulihoji watu 80, kama waliosema nyanya zinapondekea njiani ni 52 basi sema wakulima 52 kati ya 80, hiyo inaingia kichwani haraka kuliko asilimia 65.0000. Chora mchoro mmoja, maandishi makubwa, mtu wa siti ya nyuma asome bila kukunja uso, saizi 24 kwenda juu.

Na hiyo 80 yako ndio swali la kwanza utakaloulizwa, nakwambia mapema. Kwanini 80? Wengi mnajibu "nimetumia fomyula ya Yamane" mnanyamaza kama mmemaliza. Fomyula ya Yamane ya 1967 hata mtoto wa form 2 anaweza kuikokotoa, unachukua idadi yote ya wakulima unagawanya kwa 1 jumlisha hiyo idadi mara kosa unalokubali, kosa lenyewe ukilizidisha kwa lenyewe. Mfano orodha ya kijiji ina wakulima 400 na umekubali kosa la asilimia 10, ni 400 gawanya kwa 5, unapata 80. Ungekubali kosa la asilimia 5 ungetakiwa kuhoji 200. Sasa mjumbe atakuuliza kwanini umechukua 10 usichukue 5, na hapo watoto wengi wanaanza kutunga. Usitunge. Kama ni hela ya bumu, ule mkopo wa chuo, haikutosha kukaa Ilula wiki 4 sema hivyo hivyo, muda na fedha vilitosha watu 80, na kwa sababu hiyo matokeo yangu yachukuliwe kwa tahadhari kiasi hiki. Mimi binafsi mtoto akinijibu hivyo namheshimu sana. Na ujiandae na lile linalofuata, hao 80 uliwapataje, uliokota majina kwenye orodha au ulihoji waliokuwa wanauza pale barabara kuu? Mana wa barabarani anauza kwa wasafiri leo leo na wa ndani ndani anasubiri fuso, kuharibika kwa nyanya zao hakuwezi kuwa sawa.

Kuhusu kingereza. Kwanza usione aibu, hukujipangia wewe usome kwa kiswahili miaka yote ya msingi halafu form 1 mlango ubadilike lugha, na robo tatu ya sisi tunaokaa kwenye hizo paneli tumepita humo humo. Ila kusikitika hakutakusaidia siku hiyo kwa hiyo fanya hivi. Funga kitabu. Chukua daftari, andika kile utakachosema kwa sentensi fupi, nani, alifanya nini, kiasi gani, nukta. Usikopi sentensi za kwenye kitabu mana zile uliziandika kwa ajili ya macho, zina mikia mirefu, ulimi ukiingia humo hautoki. Sentensi 4 za kwanza zishike kwa moyo kabisa mana hofu inakaa hapo mwanzoni, dakika ya kwanza ikipita salama na sauti inarudi. Zilizobaki usikariri, angalia slaidi, ongea.

Na usianze na "usuli wa utafiti". Anza na kitu ulichokiona Ilula. Lile tenga la mbao limejazwa mpaka lumbesa, limebebeshwa matenga mengine juu yake mpaka Dar, ukilifungua sokoni nyanya za chini zimeshakuwa rojo. Hiyo unaweza kuisema kwa kingereza cha darasa la 6 na chumba kizima kikakusikiliza, kwa sababu uliiona wewe. Nimegundua kitu kimoja miaka yote hii, mtoto akiongelea alichokiona kwa macho yake lugha yenyewe inanyooka, akiongelea alichokopi ndio maneno yanakata.

Fanya mazoezi kwa sauti, sio kusoma kimoyomoyo kitandani. Simama, weka simu ijirekodi, waite rumumeti wawili wakae kitandani wakuulize maswali ya kijinga na ya maana, rudia mara 5 na kila mara tazama saa. Ukiulizwa swali hujalielewa omba lirudiwe, hiyo sio dhambi. Ukikwama neno moja litaje kwa kiswahili uendelee, kwenye paneli nilizokaa mimi hatujawahi kumfelisha mtu kwa neno moja, tunamfelisha anayenyamaza. Halafu nenda idarani kaombe ile karatasi ya kutolea maksi uone kila kitu kina maksi ngapi, wengi hamjui kama mnaruhusiwa kuiona.

Ya mashine haya hapa haraka haraka: slaidi ziwe kwenye flashi, kwenye imeili na kwenye simu, na seivu pia nakala ya PDF mana kompyuta ya chuo inaweza kuwa na PowerPoint ya zamani ikakuvurugia kila kitu. Fika kabla ya wengine ujaribu projekta kama inakubali laptopu yako. F5 inaanzisha slaidi. Ukibonyeza B skrini inakuwa nyeusi watu wanakuangalia wewe. Ukiandika namba ya slaidi ukabonyeza Enter unaruka moja kwa moja mpaka hapo, kwa hiyo mtu akiuliza kuhusu mchoro huna haja ya kurudi nyuma slaidi moja moja huku jasho linakutoka.

Assalaam alaykum Anti. Mie nasoma hapa Unguja shahada ya Kiswahili, tasnifu yangu ni ya Kiswahili na nitaiwasilisha kwa Kiswahili, inahusu msamiati wa mafundi wa vyombo vya baharini kule Nungwi. Wenzangu wananambia wewe una raha huna haja kujitayarisha, lugha yako mwenyewe. Lakini kila nikifungua mdomo nasema metholoji, litrecha, faindingi, na msimamizi wangu hapendi hata kidogo. – Binti wa Bahari, Unguja

Waalaykum salaam mwanangu. Hao wenzako wanakudanganya na sio kwa ubaya. Kiswahili cha kuwasilisha utafiti hakuna aliyezaliwa nacho, mie mwenyewe nilijifunza ukubwani, na ukiacha kujitayarisha utajikuta unasema nusu hiki nusu kile mbele ya watu ambao kazi yao ya miaka yote ni Kiswahili. Msimamizi wako ana haki. Maneno yapo na ni mepesi: tamko la tatizo, mapitio ya machapisho, pengo, mkabala wa kinadharia, mbinu za kukusanya data, sampuli, uwandani, uchanganuzi, matokeo, mapendekezo. Yatamke nyumbani wiki nzima mpaka yaache kuwa mageni mdomoni.

Swali ambalo mie ningekuuliza kama ningekuwepo ni hili, maneno ya mafundi umeyaandika kama wanavyoyatamka wao au umeyanyoosha yawe ya kamusi? Kaskazini ya Unguja na kisiwani Tumbatu kuna Kitumbatu, na Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, sasa neno la fundi wa Nungwi ukilisahihisha umeshalipoteza, na tasnifu yako inakuwa orodha ya sehemu za chombo, mkuku, mlingoti na foromali, ambazo mtu angezipata dukani kwenye kamusi. Kama umeyanyoosha bado una muda, rudi kwenye rekodi zako. Na ukiwa na rekodi na fundi karidhia, chezesha sekunde 20 tu za sauti yake akilitaja neno akiwa kazini na tezo yake ya kuchongea inasikika. Paneli itakaa kimya, na hapo ndipo uanze kueleza.



Anti habari. Naomba usitaje chuo. Niko Dodoma, naprezenti baada ya siku 9. Ukweli ni kwamba risechi sikufanya mimi, muda wa field nilikuwa nafanya kazi nitafute ada nikamlipa mtu wa steshenari laki 2 na nusu akaniandikia yote chapta 1 mpaka 5. Inahusu vijana waliopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Kwestionea zipo 60, nilizijaza mimi na mshikaji wangu mmoja usiku. Nimesoma kitabu mara 3 naona nimekielewa, kwenye jedwali la 4 linaonyesha vijana 38 walipata mkopo kati ya Oktoba na Desemba 2023 na biashara zao zimekua. Nataka unipe mbinu za kujibu maswali nipite tu, niko na sapu 2 tayari, mitihani ya kurudia. – Sina Jinsi, Dodoma

Mdogo wangu nimeisoma barua yako mara nyingi na nimekaa nayo siku 2 kabla sijaandika. Umeniambia ukweli na nakushukuru, na mimi nakwambia ukweli. Siwezi kukufundisha kudifendi kitu ambacho hukukifanya, na hata ningeweza nisingefanya.

Hebu angalia hilo jedwali lako la 4. Serikali iliisitisha mikopo ya asilimia 10 Aprili 2023 ili itengenezwe utaratibu mpya, ikarudi 2024. Sasa hao vijana 38 walipewa mkopo na nani Oktoba 2023? Mtu wa steshenari hakujua, wewe umesoma mara 3 hujaona, ila ndani ya paneli akiwemo mtu mmoja tu anayefuatilia habari za halmashauri ataliona kabla hujamaliza kusema asanteni. Na baada ya hapo hakuna swali utakalojibu.

Na hata hilo jedwali lisingekuwepo tungejua. Watu wanadhani tunajua kwa maswali magumu, hapana, ni yale mepesi. Nakuuliza ulikaa wapi ulipokuwa unawahoji. Nakuuliza nani alikataa kujibu na kwanini. Nakuuliza swali gani la kwenye kwestionea watu hawakulielewa mpaka ukalazimika kulieleza upya. Aliyeenda field anacheka kwanza kabla hajajibu mana anakumbuka, anaanza kusimulia mama mmoja alivyomfukuza akidhani ni mtu wa mikopo ya kausha damu amekuja kudai. Asiyeenda anatazama kitabu. Na kwestionea zilizojazwa usiku mmoja zinajulikana kwa macho tu, peni moja, mwandiko uleule, kila mtu kajaza kila swali hakuna hata mmoja aliyeruka kitu, na zile za kukubali sana mpaka kukataa kabisa wote wamekaa kwenye namba 4. Watu halisi wanaruka maswali. Watu halisi wanajipinga wenyewe swali la 7 na la 12.

Najua kwanini ulifanya. Kutafuta ada wakati wenzako wako field sio uvivu, na inaniuma kwamba hukuwa na mtu wa kumwambia mapema mana supavaiza anayeambiwa Februari anaweza kukupunguzia eneo na sampo, au kukusaidia usogeze muda. Ila hata sasa mlango haujafungwa wote. Kesho asubuhi nenda kwa supavaiza wako, sio WhatsApp, nenda mwenyewe, mwambie kazi hii sio yangu naomba kuahirisha nifanye yangu. Soma kwanza kitabu cha kanuni za chuo chako ujue kuahirisha kunaombwaje na adhabu ni ipi mana kila chuo kina yake na siwezi kukuahidi kwamba hutaadhibiwa. Inawezekana ukapoteza mwaka. Lakini aliyejisalimisha mwenyewe na aliyekamatwa mbele ya watu hawahukumiwi sawa, hilo nimeliona kwa macho yangu, na aliyekamatwa anaweza kupoteza vyote mpaka miaka 3 aliyokwisha kusoma.

Ukikubaliwa, mada yenyewe usiitupe, ni nzuri sana. Wapo vijana hapo hapo Dodoma walioomba mkopo kabla haujasitishwa na wapo walioomba baada ya kurudi, hata ukipata 25 wa kweli ukakaa nao ukawasikiliza utakuwa na kitu ambacho hakiwezi kuandikwa na mtu wa steshenari.

Na wengine mnaosoma hapa mkishukuru kwamba nyie hamkununua mlitumia ChatGPT tu, na nyie sikilizeni. Kukusaidia kunyoosha kingereza ni jambo moja, ukiruhusiwa na chuo. Ila ile kitu inatunga marejeo, inakuletea jina la mtu, mwaka, na jarida vyote vimepangika vizuri na hiyo makala haijawahi kuandikwa duniani. Fungua orodha yako ya marejeo leo, tafuta moja moja. Usiyoipata ifute, na sentensi iliyoitegemea ifute pia.

Habari Madam. Niko Eldoret, mwaka wa tano injinia. Sisi ni watatu kwa projekti, tumeunda inkubeta ya mayai ya kuku inatumia sola na Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, na sensa ya joto ya DHT11. Inafanya kazi poa kwa hosteli lakini juzi tukiidemo kwa darasa ikazima. Naogopa siku ya difensi itatuaibisha. Pia mmoja wetu hajui kitu, ni mimi nilifanya karibu yote. – Fundi, Eldoret

Salama Fundi, na hongereni, kitu kinachoangua kifaranga si kitu kidogo.

Mayai ya kuku yanachukua siku 21, kwa hivyo hata mashine ikiwaka vizuri hakuna panelisti atakayeona kifaranga kikitoka kwa dakika 20. Demo yenu basi si mashine, ni rekodi. Pigeni video kila siku kidogo kidogo, siku ya 7 mnavyomulika yai mkiona mishipa ya damu, siku ya 18 mnavyoacha kuyageuza, siku ya 21. Wekeni grafu ya joto la kila saa kwa siku zote 21. Mashine yenyewe muibebe iwe mezani na betri iliyojaa, ikiwaka vizuri, ikizima mnaendelea na video bila kuomba msamaha mara nane. Ila mtafute pia ilizima kwa nini ile siku, mtaulizwa, na "sijui ilikuwa nini" si jibu la injinia.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi kuliko kuzima. DHT11 inaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini. Mayai yanataka karibu nyuzi 37.5. Kwa hivyo sensa ikiwaambia 37.5, ndani inaweza kuwa 35.5 au 39.5, na hapo ni vifaranga kufa. Injinia yeyote aliye makini atauliza hilo na nyinyi mkijibu "ndiyo ilikuwa bei nafuu" peke yake mmekwisha. Tafuteni kipimajoto cha maabara mkiweke ndani pamoja na sensa siku mbili tatu, mwandike zinatofautiana kwa kiasi gani, halafu mseme mmesahihisha kwa kiasi hicho. Au badilisheni, DHT22 inakosea karibu nusu nyuzi tu na nyaya zinaingia vilevile, kwa programu mnabadilisha jina la sensa.

Na huyo mwenzenu asiyejua kitu, mkae naye jioni tatu mumfunze yote. Najua unaona si haki. Lakini panelisti akiona mmoja amenyamaza ndiye atamuuliza, na akikwama yeye kundi lote linaonekana halijui. Mpe sehemu moja aiongee yeye, mayai na joto labda, na mambo ya saketi ubaki nayo wewe. Malalamiko ya nani alifanya nini yapeleke kwa msimamizi kabla ya siku hiyo, kwa chumba cha difensi yaache nje.

Anti mimi ni mama Tanga, nimeishia la saba nauza mihogo. Mwanangu ndio wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika chuo. Anaprezenti wiki ijayo, kila nikipiga simu naambiwa hajala, analala saa 9 usiku, juzi kalia kwenye simu. Mimi mambo yake siyajui nitamsaidia nini? – Mama yake

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Unamsaidia kuliko unavyodhani, na hiyo la saba yako ndiyo itakayofanya kazi.

Leo jioni mpigie mwambie mwanangu nielezee hiyo kazi yako kwa kiswahili, nataka nijue ulichokuwa unafanya miezi yote hiyo. Halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Ukifika mahali hujaelewa usimwonee huruma, mwambie hapo sijaelewa rudia. Kisha muulize vitatu tu, ulitaka kujua nini, umejuaje, na sasa watu wafanye nini. Hayo matatu ndiyo tutakayomuuliza na sisi, ila sisi tutayavika maneno makubwa. Akiweza kumwelewesha mama yake aliyeko kwenye mihogo kwa dakika 10 bila kusoma mahali, atatueleza sisi. Rudieni kesho na keshokutwa, utamsikia sauti inavyobadilika.

Kulala saa 9 mkataze kwa ukali wa mama kabisa, siku mbili za mwisho alale saa 4, hakuna slaidi inayopona usiku wa manane. Asubuhi anywe uji hata kikombe kimoja, mtoto asiyekula anatetemeka akidhani ni hofu kumbe ni njaa.

Na ukijaliwa mtumie hata elfu 5 ya chakula cha siku hiyo, mana orodha inaweza kusema saa 3 asubuhi na akaja kuitwa saa 9 mchana, wanakaa kwenye korido wamevaa suti za kuazima wanaogopa kwenda kantini wasije wakaitwa hawapo. Usimpigie asubuhi hiyo. Subiri akupigie yeye.